Mpaka Maji Yawe Meupe

Siku ile mjinga alikuwa Mashimba, na tusimtafute mwingine. Yeye mwenyewe hakatai. Hata leo ukimkuta pale Kigongo, filimbi shingoni, akipanga magari yanayosubiri pantoni ya kwenda Busisi, ukamuuliza, atakwambia bila kuzunguka: wajinga wa mwaka ule walikuwa wengi, soko huria lilituzalisha kama kumbikumbi, lakini siku ile, kuanzia asubuhi hadi saa sita mchana, cheo kilikuwa chake peke yake.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Josho la kijiji lilikuwa na mwaka wa pili limekauka. Zamani serikali ilileta dawa, bwana mifugo akaimimina, akakoroga kwa mti mrefu, na kila mfugaji alijua kwa macho yake kwamba imekolea: maji yalipokuwa meupe kama maziwa, ng'ombe waliruhusiwa kuruka. Hakuna aliyesoma kipimo. Kipimo kilikuwa weupe. Halafu mambo yakabadilika. Dawa ya josho ikaadimika, bwana mifugo akapunguzwa kazini, na ndani ya lile shimo la saruji wakabaki vyura. Kupe wao hawakupunguzwa.

Watu wakahamia kwenye dawa ya pamba. Hiyo nayo zamani ilitoka ushirika, kwenye kopo lenye maandishi na picha ya fuvu la kichwa. Sasa wachuuzi waliinunua kwa mapipa na kuimimina kwenye chupa za soda, bila fuvu wala maandishi, na aliyetaka maelezo alipewa ya mdomo. Kilichoua funza wa pamba kiliua na kupe, basi yakaishia hapo.

Mashimba alikuwa na ng'ombe wanane zizini, ila watano kati yao walikuwa wa kaka yake Ngosha, aliyekuwa anakaa Misungwi. Ndivyo Wasukuma wanavyofugishana: ng'ombe wanalala kwako, maziwa unakunywa wewe, mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe. Na Ngosha alikuwa ameshamwambia, tena mbele ya watu, "Mdogo wangu, hiyo dawa ya pamba usiwaguse nayo ng'ombe wangu."

Mdogo wake akawagusa nayo.

Mchuuzi alimwambia kifuniko kimoja kwa ndoo moja ya maji. Mashimba akamimina kifuniko kimoja, akakoroga, akachungulia. Maji yakawa ya kijivujivu, kama ya kuoshea mchele. Akacheka peke yake. Hawa wachuuzi wanatuuzia maji, alisema moyoni. Akaongeza kifuniko cha pili, cha tatu, cha tano. Mwisho akaachana na kifuniko, akainamisha chupa mpaka ndoo ikawa nyeupe kama josho la enzi zile. Hapo akaridhika.

Bomba la kupulizia lilikuwa limepasuka mpira. Kwa hiyo mkewe Rebeka akachukua kitambaa, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuwapaka ng'ombe mmoja mmoja: masikioni, kwapani, chini ya mkia. Kila alipokamua kitambaa, maji meupe yalimteremkia hadi viwikoni.

"Baba Mayala," alisema akiwa bado kwenye ng'ombe wa kwanza, "mbona hii inanikaba koo?"

"Ndiyo dawa hiyo. Ingenukia marashi, kupe wangeita na ndugu zao."

Rebeka alicheka. Mashimba alikuwa mtu wa kuchekesha, na kwa miaka kumi na minne ya ndoa alikuwa amepenya kwenye mengi kwa njia hiyo. Akachukua filimbi yake, akaenda kazini.

Saa tano jirani yao, bibi Wilhelmina, alifika gatini akihema, viatu mkononi. Alikuwa amemkuta Rebeka ameanguka kando ya zizi. Mashimba alikimbia. Alimkuta mkewe amelowa jasho kama aliyetoka ziwani, mate yanamtiririka, machozi yanamtoka bila kulia, na nyama za mapajani zinachezacheza chini ya ngozi, kana kwamba wadudu wanapita humo. Wanawake walikuwa wamemnywesha maziwa akayatapika. Ndama wawili walikuwa wamelala chini zizini, miguu imenyooka.

Mashimba alirudi barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililoshuka pantoni, na dereva hakubisha. Ilitosha kumwona mgonjwa. Waliingia hospitali ya misheni upande wa mjini saa sita kasoro.

Aliyewapokea alikuwa Sista Akinyi, muuguzi wa makamo, Mjaluo wa huko Mara, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema mara moja tu.

"Shikamoo sista."

"Marahaba. Ameanza lini?"

"Asubuhi hii."

"Ameshika dawa gani?"

Hapa ndipo ujinga wa Mashimba ulipofika kileleni. Aliwaona ng'ombe watano wa kaka yake wamesimama mbele ya macho yake, weupe. Akamwona na kaka mwenyewe.

"Hajashika dawa, sista. Alikuwa anakoka moto tu."

Sista Akinyi alimfunua mgonjwa kope. Mboni zilikuwa zimesinyaa, zimebaki kama nukta ya kalamu. Akashika mkono, akahesabu mapigo ya moyo. Akainama, akanusa nywele. Halafu akasimama wima na kumtazama Mashimba usoni.

"Baba, nisikilize, maana sitarudia. Daktari yuko chumba cha upasuaji, ameniachia wodi. Wengi wanaoletwa hapa wakiwa hivi nje ya fahamu ni malaria iliyopanda kichwani, na hao tunawapa kwinini. Huyu moyo wake unapiga arobaini na mbili. Nikimpa kwinini bure, naweza kuusimamisha kabisa. Dawa nyingine niliyonayo ni ya sumu, na kwa kiasi anachohitaji siwezi kuitoa kwa kubahatisha. Kama ni sumu, basi kila dakika unayonitazama hivyo, mkeo anazama katika mate yake mwenyewe akiwa nchi kavu."

Kifua cha Rebeka kilikuwa kinakoroma kama kiko cha maji.

"Niliichanganya mpaka ikawa nyeupe," Mashimba alisema.

"Nini?"

"Dawa ya pamba. Alikuwa anawapaka ng'ombe. Kwa mikono."

Sista hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Aliita wenzake wawili. Wakamvua Rebeka nguo zote, wakazitupia kwenye ndoo nje, na Mashimba akapewa mifuko ya plastiki avae mikononi, sabuni ya kipande, na ndoo ya maji. "Nywele, kucha, nyuma ya masikio. Mara tatu." Akaosha. Hakuwa amewahi kumwosha mkewe mbele ya watu, na hakuona aibu. Aibu yake yote siku hiyo ilikuwa na kazi nyingine.

Huku akiosha, sindano ya kwanza ilikuwa imekwisha kuingia. Dakika tano baadaye ya pili, mara mbili ya ile ya kwanza. Halafu nyingine. Sista alipima mapigo, akamsikiliza kifua, akamtazama mdomo, akavunja kichupa kingine. Mashimba alipewa kazi ya kufuta mate na kusema kama yanaongezeka au yanapungua.

Alasiri ilipofika yalikuwa yanapungua. Ndipo Sista Akinyi alipovuta kigoda akaketi, kwa mara ya kwanza, bomba la sindano likiwa tayari mapajani.

"Kazi yako nini, baba?"

"Napanga magari pale pantoni, Kigongo."

"Basi nitakueleza kwa pantoni, maana utakaa naye siku kadhaa hapa na lazima ujue unachotazama. Ubongo wa mkeo ukitaka mguu usogee, unatuma habari. Habari inapita kwenye neva, mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo barabara yako. Neva ni seli, ndefu, nyembamba kuliko unywele. Nje ya ukuta wake kumejaa chumvi inaitwa sodiamu, inasukumana ikitaka kuingia. Ukutani kuna milango midogo. Habari inapofika, mlango wa kwanza unafunguka, chumvi inaingia, na kwa kuingia kwake kunazaliwa umeme kidogo. Umeme huo unafungua mlango wa jirani. Nao wa jirani. Hivyo hivyo hadi mwisho, kabla hujapepesa jicho."

"Kama foleni yangu," Mashimba alisema. "Wa mbele akisogea, wa nyuma naye."

"Karibu hivyo. Ila hapa magari hayatembei, kinachotembea ni ule msogeo wenyewe. Sasa barabara inafika mwisho, na mguu uko ng'ambo. Katikati kuna nafasi, ndogo, lakini ipo. Umeme hauruki. Ni maji hayo."

"Inatakiwa pantoni."

"Ndiyo. Mwisho wa neva kuna vifuko vimejaa kemikali, asetilikolini. Umeme ukifika, vifuko vinapasukia nje, kemikali inavuka, inafika ng'ambo, inagonga kwenye vipokezi vya msuli. Msuli unasikia, unajikunja. Habari imefika."

"Halafu abiria wanaondoka."

Sista alimtazama. "Unasemaje?"

"Abiria, sista. Wakishafika Busisi lazima watoke gatini. Wasipotoka, pantoni inayofuata inashushia wapi? Mimi nimeona siku basi limezimikia pale kwenye mdomo wa gati. Ilikuwa vurugu mpaka jioni. Watu wanasukumana, honi zinapigwa, wengine wanaanguka majini."

"Hapo ndipo nilipotaka tufike," alisema Sista Akinyi, polepole. "Mwili una wafagiaji pale gatini. Ni vimeng'enya. Kemikali ikishagonga mara moja, wanaikata vipande papo hapo, gati linabaki safi, linasubiri habari nyingine. Dawa yako ya pamba inafanya jambo moja tu. Inawafunga mikono wafagiaji."

Mashimba alimfuta Rebeka mate yaliyobaki mdomoni.

"Funza wa pamba anakufa hivyo. Kupe anakufa hivyo. Na yeye," akamwonyesha Rebeka kwa kidevu, "amejipaka asubuhi nzima. Abiria wanafika, hawaondoki, wanagonga tu. Tezi za mate zinaambiwa toa, toa, toa. Jasho, toa. Mapafu, jaa. Moyo, pole pole, pole pole. Misuli inaambiwa jikunje mpaka inachoka na kulegea. Ikilegea ya kupumulia, basi."

"Na hii sindano inawafungua wafagiaji?"

"Hapana. Atropini haimfungui mtu. Ni mgambo. Anasimama mlangoni mwa tezi na moyo na mapafu, abiria wakigonga hawasikiki. Ila misuli, hiyo mgambo hawezi kuilinda. Wafagiaji waliofungwa vizuri hawafunguki tena, mwili utatengeneza wapya, na unatengeneza kwa taratibu yake. Siku, wiki. Sumu nyingine imejificha kwenye mafuta ya mwili, inaweza kutoka kesho au keshokutwa. Kwa hiyo asitoke hapa. Umenielewa? Ataonekana amepona, halafu kifua kitasimama. Akiwa hapa tutampumulisha. Akiwa njiani hakuna wa kumpumulisha."

"Nimekuelewa, sista."

"Na akianza kusema ovyo usiogope. Mgambo wengi mno, wengine wanapanda hadi kichwani."

Alianza kusema ovyo jioni. Mdomo ulikuwa umekauka kabisa, mashavu yamewaka, mboni zimefunguka pana. Alikuwa akiokota vitu hewani, kimoja kimoja, na kuviweka kwenye sahani isiyokuwepo. Alimsalimia mama yake, aliyekufa mwaka wa themanini na tisa. Alimwita Mashimba bwana mifugo na kumuuliza dawa italetwa lini. Mashimba, aliyekuwa na jibu la kuchekesha kwa kila swali la mwanamke huyu, safari hii alichukua kipande cha boksi akampepea.

Asubuhi ya pili Rebeka aliamka amechoka, anatazama kama mtu anayerudi kutoka mbali, maneno machache, kisha analala tena. Saa tatu Ngosha alifika, na wanaume wawili, na gari dogo la kubebea mizigo lililotandikwa godoro.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mfungie nguo zake, tunaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Kwa mtaalamu, kule kwetu. Nimeshaongea naye." Ngosha alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, asiyependa kurudia. "Jana nilipita kwako. Mke ameanguka. Ndama wawili wamekufa siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Na usiku, nimeambiwa na muuza chai hapo nje, shemeji alikuwa anaongea na marehemu. Hiyo ni malaria?"

"Hapana, si malaria, kaka."

"Basi umesema mwenyewe."

"Ni mishipa ya fahamu. Sista amenieleza. Unajua habari inatoka kwenye ubongo kama umeme, inafika mwisho, pale hakuna waya, inabidi ivuke, kama pantoni. Ikivuka, ng'ambo kuna wafagiaji..."

"Subiri. Shemeji ana pantoni mwilini?"

Wale wanaume wawili walicheka kwa heshima.

"Ni mfano, kaka."

"Mimi nimeacha vibarua shambani kwa ajili ya mfano. Haya, nani amewafunga hao wafagiaji wako? Maana hata huo mfano wako una mtu ndani yake. Mtu hafungwi mikono bila mfungaji."

Mashimba alifungua mdomo. Ndipo mahali penyewe, na alipaona vizuri kama anavyoliona gati kila asubuhi: sentensi moja tu, maneno manne au matano, na yote yangesimama. Lakini anayeuliza alikuwa kaka, aliyemlipia mahari, mwenye ng'ombe watano, aliyekataza mbele ya watu. Habari ilitoka kichwani, ikakimbia, ikafika kooni, ikakosa pantoni.

"Sista amesema akitoka atakufa njiani," alisema badala yake.

"Sista ni mtu wa Mara. Anajua nini ya kwetu?"

Sista Akinyi alikuwa amesimama mlangoni na trei yake. "Najua kuhesabu pumzi," alisema. "Zake ni thelathini kwa dakika, na fupi. Huyu hapandi gari."

"Mama, nakuheshimu. Lakini mgonjwa ana wenyewe." Ngosha akamgeukia tena mdogo wake, akashusha sauti. "Mtaalamu anataka jina la mchawi tu. Akishalipata, mambo mengine tutamaliza sisi. Na mimi jina ninalo. Yule bibi Wilhelmina. Ndiye aliyemkuta ameanguka, sivyo? Alikuwa anatafuta nini zizini? Na macho yake yale mekundu umeyaona."

"Macho ni ya moshi, kaka. Anapikia kinyesi cha ng'ombe. Sote tunajua."

"Sote tunajua mengi."

Mashimba alijua "kumaliza sisi" ni kitu gani. Mwaka uliopita, vijiji viwili kutoka kwao, walimmaliza hivyo bibi mmoja, kwa panga, na baadaye hakuna aliyekumbuka nani alikuwa wa kwanza kulitaja jina lake. Na bibi Wilhelmina alikuwa amekimbia hadi gatini kwa miguu mitupu. Kipande cha boksi kilikuwa bado mkononi mwa Mashimba, na mkono ulikuwa unaendelea kupepea wenyewe, juu chini, juu chini, kana kwamba haumhusu.

"Kaka," alisema. "Yule bibi hakufanya kitu."

"Basi nani? Nitajie wewe. Mtu mzima haanguki tu. Shika upande wa kichwa," Ngosha aliwaambia wanaume wake, "tumnyanyue na shuka yake. Taratibu."

Mwanaume mmoja alishika pembe ya shuka. Sista Akinyi akaweka trei chini. Rebeka akafumbua macho.

Alimtazama yule mwanaume, akaitazama shuka, akamtazama shemeji yake. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Ngosha akainama, akaziba mwanga wa dirisha, sauti yake ikawa ya upole kweli.

"Shemeji. Tuambie wewe mwenyewe. Nani amekufanya hivi?"

Ilichukua pumzi mbili kabla sauti haijapatikana, na ilipopatikana ilikuwa nyembamba, lakini wodi nzima iliisikia.

"Aliyenifanya hivi ndiye huyu anayenipepea. Mwacheni amalize kunipepea."